LPO ya Winam iliingiaje kwa Junk? Kupanga filta ya imeili kwa laptopu yako

Swali limetoka kwa mwalimu mstaafu wa Kakamega ambaye siku hizi anashona na kuuza sare za shule:

"Kijana wangu, laptopu yangu ni Windows 11 na imeili nasomea kwa Thunderbird. Nina akaunti mbili, moja ni Gmail, fundi aliniwekea kwa njia ya POP, nyingine ni ya domeni ya duka, yaani yenye jina la duka lenyewe, hiyo iko IMAP na pia iko kwa simu. Kwa siku naingiziwa spamu, yaani barua za takataka, kama sitini na zingine zinaonyesha zimetoka kwa anwani yangu mwenyewe! Nimefuta, nimeblock kila anayetuma, nimeweka maneno kama win, free, dollar na loan yaende Junk moja kwa moja, na bado. Kwa simu ndio mbaya zaidi. Sasa juzi mwalimu mkuu wa shule moja upande wa Winam amenipigia akiuliza mbona nimenyamaza, kumbe LPO yake, ile barua ya oda, ilikuwa imelala kwa Junk wiki tatu. Na kuna shule nyingine inasema ilinitumia yao kwa Gmail na mimi sijaiona popote. Nianzie wapi?"

Mwalimu, kabla hujasoma haya mengine yote kuna kitu kimoja ukifanye sasa hivi manake kina siku zake. Fungua Gmail kwa brauza, yaani Chrome ama Edge, si kwa Thunderbird, halafu upande wa kushoto bonyeza More mpaka uone folda ya Spam. Ile LPO ya pili kuna uwezekano mkubwa iko hapo. Gmail inafuta yenyewe kitu chochote kikishakaa kwa Spam siku 30, na ikishafuta hivyo mimi siwezi kukurudishia na sijui fundi anayeweza. Ukiipata bonyeza Not spam, itarudi Inbox na Gmail itakuwa imefunzwa kitu kidogo kuhusu hiyo shule. Nenda ufanye hiyo halafu urudi tuendelee.

Sasa kwa nini hukuiona kwa laptopu. POP ni kama kijana unayemtuma posta akiwa na ufunguo wa sanduku moja peke yake, analeta zilizo kwa hilo sanduku na hajui kama kuna chumba kingine nyuma ambako zingine zimewekwa kando. POP inashusha Inbox tu. Gmail ikiamua kitu ni spamu inakiweka kwa folda yake huko kwa seva, yaani kompyuta za Google zinazohifadhi barua, na Thunderbird yako haitakionyesha hata siku moja, hata Junk ya Thunderbird haitakuwa nacho, kwa hivyo unaweza kutafuta mpaka jioni na usipate. IMAP yenyewe inaonyesha folda zote vile ziko kwa seva, Spam ikiwemo. Kwa mtu wa biashara kama wewe mimi naona POP haikufai tena. Ongeza hiyo Gmail upya kama IMAP, Thunderbird itakupeleka kwa ukurasa wa Google uingie na paswadi yako ya kawaida, lakini tafadhali ile akaunti ya zamani ya POP usiitoe, manake barua zilizoshuka kwa hiyo njia zinaweza kuwa ziko kwa laptopu peke yake. Iache ikae, ila uende kwa setingi za seva yake utoe tiki za kuangalia barua mpya ndio isiendelee kushusha. Na kama unaogopa bando, kwa setingi za hiyo akaunti mpya kuna mahali pa Synchronization & Storage, hapo unaweza kuiambia ishushe za siku 30 za karibuni tu badala ya miaka yote.

Sasa tuje kwa LPO ya Winam, hii ndio imenikalisha jana jioni. Nilivyosoma orodha ya maneno uliyoweka nikashuku, nikafungua Thunderbird yangu nikatengeneza filta kama yako, Subject ikiwa na win ipelekwe Junk, halafu kwa akaunti nyingine nikajitumia imeili yenye kichwa "LPO ya sare, Winam". Haikugusa Inbox hata kidogo, ilienda Junk moja kwa moja. Angalia hilo neno herufi kwa herufi mwalimu: W-i-n-a-m. Hizo tatu za mwanzo ni win. Ukichagua "contains" kwa filta ya Thunderbird haiangalii neno zima, inaangalia kama hizo herufi zimefuatana mahali popote, ziwe kubwa ziwe ndogo, kwa hivyo Winam imeenda, na Edwin akikuandikia jina lake kwa kichwa ataenda, Godwin, Winnie, hata mtu wa kuuliza bei ya window. Free nayo itabeba freezer na freedom. Na loan ndio usiseme, mtu wa sacco akikuandikia kuhusu mkopo wako wa kweli hutamwona.

Usichukue neno langu tu, hakikisha. Kwa mistari mitatu ya juu kulia ingia Tools halafu Message Filters, hapo kuna kitufe cha Filter Log. Kama logi ilikuwa imewashwa utasoma filta gani ilishika barua gani tarehe gani. Kama haikuwa, iwashe leo uiache wiki moja ikiandika. Halafu hizo filta nne za maneno zitoe, zote. Najua ulizitengeneza kwa uchungu wa kuchoka na takataka, lakini filta ya neno moja ni kama kumfunga mtu juu ya jina lake. Mimi pia nilishawahi kupoteza kazi hivyo, niliweka neno tender liende takataka juu ya matapeli wa tenda hewa, na shule moja hapa Kisumu ikaniandikia barua ya kweli ya kuweka kompyuta kwa maabara, nikaiona siku zimepita na kazi imepewa mwingine. Tangu hiyo siku msimamo wangu ni mmoja na nitausema wazi: spamu kumi zikiingia Inbox ni kero ya dakika mbili, barua moja ya kweli ikipotea ni pesa na ni jina lako kwa mteja. Kila kitu nitakachokuambia hapa chini kimepangwa hivyo, afadhali ipite ya uongo kuliko izuiwe ya kweli.

Kublock watumaji nayo achana nayo. Mtu wa spamu mara nyingi hatumii anwani moja mara mbili, nyingi amezibuni na zingine ni za watu walioibiwa akaunti, unaziba shimo moja kesho anatokea kwa lingine, na ile orodha yako inazidi kurefuka bure.

Badala ya hayo Thunderbird iko na filta yake ya kujifunza, na wewe umefunza watoto miaka mingi kwa hivyo utaielewa kuliko mimi. Inatumia hesabu inayoitwa ya Bayes, kutoka kwa Thomas Bayes, mchungaji wa Uingereza wa karne ya 18 aliyeandika mambo ya uwezekano. Inafanya hivi: inachukua kila barua inaikatakata maneno, halafu inahesabu neno hili limetokea mara ngapi kwa zile ulisema ni junk na mara ngapi kwa zile ulisema si junk. Barua mpya ikija inaangalia maneno yake, inaweka pamoja uwezekano wa kila moja, inatoa uamuzi. Neno moja peke yake halihukumu. Win linaweza kuwa linanuka spamu lakini likikaa karibu na LPO, sare, sweta na Kakamega, yale mengine yanalivuta upande wa pili, na hapo ndio tofauti kubwa na zile filta zako.

Lakini sasa isikie hii vizuri: kufuta si kufunza. Hizo sitini unazofuta kila asubuhi Thunderbird haijajifunza chochote kutoka kwazo, ni kama mwalimu anayechana daftari la mtoto bila kuweka alama. Badala ya Delete bonyeza herufi J, hiyo ndio alama ya mkasi, ile X ya kosa. Na kosa la pili, hili watu karibu wote wanalifanya, ni kuifunza upande mmoja. Mtu anaweka J J J mwezi mzima na hajawahi hata siku moja kuionyesha barua nzuri inafanana aje, kwa hivyo filta inajua takataka tu na kila kitu inaanza kukishuku. Ingia kwa Inbox, zile barua zako za wateja, za shule, za watoto wako, zichague mia mbili hivi hata mia tatu, hakikisha hakuna spamu imejificha katikati, halafu bonyeza Shift na J pamoja. Hiyo inaiambia hizi si junk. Ifanye siku moja ukiwa umetulia, kisha kila siku ukipata imekosea irekebishe, ukiona ya kweli kwa Junk Shift na J, ukiona takataka kwa Inbox J. Baada ya wiki mbili hivi utaanza kuona mabadiliko.

Na hapa wewe una bahati ambayo mtu anayeandikiwa Kiingereza kitupu hana. Spamu nyingi zinazokuja ni za Kiingereza, wateja wako nao wanakuandikia kwa Kiswahili ama wanachanganya. Maneno kama mwalimu, sare, karo, tafadhali, muhula, hayo yatakuwa na nguvu sana upande wa barua nzuri haraka kuliko unavyodhani. Ubaya wake ni kwamba siku tapeli atakuandikia kwa Kiswahili safi filta itamfungulia mlango kama mgeni, kwa hivyo hapo ni macho yako.

Kuhakikisha hiyo filta imewashwa: mistari mitatu, Account Settings, chini ya kila akaunti kuna Junk Settings. Fanya kwa akaunti zote mbili manake kila moja iko na yake. Weka tiki ile ya kwanza kabisa ya adaptive, yaani ya kujifunza. Chini yake kuna mahali inauliza ni anwani gani zisihukumiwe kabisa, na hapo nashuku ndio mlango uliobaki wazi kwako. Personal Address Book iache na tiki. Collected Addresses itoe tiki. Kwa nini? Thunderbird ikiwa kwa setingi yake ya kawaida, kila mtu unayemwandikia inamweka yenyewe kwa Collected Addresses, kwa hivyo kama uliwahi kumjibu mtu wa spamu hata ni kumwambia "acheni kunitumia", huyo sasa ni mtu wako na barua zake hazipimwi tena. Usiwajibu kamwe. Hata kile kitufe cha kujitoa kilicho chini ya barua, ukitumie tu kwa kampuni unayoijua na ulijiandikisha mwenyewe, kwa mgeni ni kumwambia anwani hii iko na mtu anasoma. Picha pia ni hivyo hivyo, Thunderbird inazuia picha za kutoka intaneti kwa kawaida, iache izuie, kuna zingine ndogo kama nukta zinawekwa kusudi zimwambie aliyetuma kwamba umefungua.

Hiyo ya kupata imeili kutoka kwako mwenyewe, usiogope, si lazima mtu ameingia kwa akaunti yako. Jina la aliyetuma kwa imeili ni kama jina lililoandikwa nyuma ya bahasha, mtu anaandika analotaka na karani hamuulizi kitambulisho. Zile zinazosema nimehack kompyuta yako, nimekurekodi, tuma bitcoin, ni uongo unaotumwa kwa maelfu ya watu, usilipe hata shilingi na usijibu. Ila ikiwa wametaja paswadi yako ya kweli, ina maana ilivuja mahali, ibadilishe kila mahali uliitumia. Halafu angalia kwa address book yako kama wewe mwenyewe umo. Kama umo jitoe, ile tiki ya Personal Address Book isije ikampitisha anayeigiza anwani yako.

Ukitaka kuona mwenyewe vile bahasha imeandikwa, fungua moja ya hizo ubonyeze Ctrl na U. Itatokea maandishi mengi ya kutisha, tafuta tu mstari unaoanza na Authentication-Results. Ukikuta spf=fail ama dmarc=fail kwa barua inayojiita imetoka kwako, hapo seva inakuambia aliyetuma hakuwa na ruhusa ya kutumia jina hilo. Na kwa ile akaunti ya domeni unaweza kukuta kitu kama hiki:

X-Spam-Status: No, score=3.8 required=5.0

Hiyo inatoka kwa SpamAssassin, filta inayokaa kwa seva, wengi wanaouza nafasi za domeni hutumia hiyo. Inapatia kila barua pointi kulingana na makosa inayoyaona, na kwa kawaida ikifika 5 inaitwa spamu. Kama wako wanatumia cPanel, ule ukurasa wa kusimamia domeni, ingia utafute Spam Filters, hakikisha imewashwa, halafu angalia mahali pameandikwa Auto-Delete na uhakikishe PAMEZIMWA. Hiyo ikiwa imewashwa barua ya mteja inafutwa huko kwa seva, haifiki laptopu, haifiki simu, haifiki Junk, na huyo mteja haambiwi lolote. Washa ile ya Spam Box iziweke kwa folda tu. Namba 5 iache mwezi wa kwanza, kama spamu nyingi zinapita na pointi 4 na kitu ishushe mpaka 4, lakini usikimbilie 2. Kisha rudi kwa Junk Settings ya Thunderbird kuna tiki ya kuamini heda za SpamAssassin, yaani mistari kama hiyo uliyoona kwa Ctrl na U, iweke.

Na hii ya seva ndio jibu la simu yako. Filta ya Thunderbird inafanya kazi Thunderbird ikiwa imefunguliwa, basi. Laptopu ikiwa imezimwa nyumbani na wewe uko njiani Mumias, barua zinaingia kwa simu zikiwa mbichi hakuna aliyezichuja. Ukirudi ufungue laptopu inazihamisha na kwa simu zinapotea. Kwa hivyo usitegemee laptopu ilinde simu, kazi kubwa ifanywe kwa seva, Thunderbird imalizie zile zimeponyoka.

Mambo mengine madogo. Kama antivairasi yako nayo iko na filta yake ya spamu, izime hiyo sehemu ya imeili, watu watatu wakichuja chai moja hutajua nani amemwaga. Kuna setingi ya kufuta Junk yenyewe baada ya siku 14, usiiweke, shukuru haikuwekwa manake hiyo LPO ya wiki tatu ingekuwa imeenda. Pitia Junk kila Ijumaa jioni, ni dakika tano. Na ukiona umeifunza Thunderbird vibaya mpaka imechanganyikiwa, kwa Settings, Privacy & Security, kuna Reset Training Data, inasahau yote mnaanza darasa la kwanza. Yale iliyojifunza yanakaa kwa faili inaitwa training.dat ndani ya folda ya profile, ile Thunderbird inawekea vitu vyako vyote, siku ukinunua laptopu ingine mwambie fundi anakili profile yote.

Kuna moja zaidi ambayo filta inaweza kukushindia, na ni ile inayojifanya KRA, watu wa kodi, hasa karibu na tarehe 30 Juni watu wakikimbilia ritani. Soma anwani kutoka kulia kuja kushoto. Domeni za go.ke hapewi mtu yeyote tu, ni za serikali, kwa hivyo mwisho kabisa pawe kra.go.ke. Kama baada ya ke kuna nukta na maneno mengine, ama ni vistari badala ya nukta, hiyo si KRA. Lakini pia kumbuka nilivyosema juu ya bahasha, jina linaweza kuigizwa hata likiwa sawa, kwa hivyo linki usibonyeze, andika anwani ya iTax mwenyewe kwa brauza. Na kwa File Explorer ya Windows 11 bonyeza View, Show, halafu File name extensions, ndio faili linalojiita LPO.pdf likiwa kwa ukweli ni LPO.pdf.exe ulione mkia wake, manake Windows kwa kawaida inauficha.

Anza na Gmail ya brauza, halafu zile filta nne, halafu darasa la J na Shift J, hayo mengine ya seva unaweza kufanya kesho ama wikendi. Ukimaliza wiki mbili na bado barua za kweli zinaenda Junk, usiniforwadie hiyo barua, ukiforwadi zile heda za kwanza zinapotea nami nabaki nasoma za kwako. Ifungue, bonyeza Ctrl na S, itahifadhiwa kama faili la .eml, hilo ndilo uniwekee kama atachimenti pamoja na ile Filter Log, nami nitakuangalilia ni nani aliyeishika.